Mbiu Isiyo na Jambo

Usiku wa tarehe 22 Septemba 1959, yapata saa nne na nusu, ving'ora vya ulinzi wa raia vililia katika mji mzima wa Chicago kwa muda wa dakika tano. Ilikuwa miaka ya Vita Baridi. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa ziarani Marekani wiki hiyohiyo, na watoto wa shule walikuwa wamekwisha kufundishwa kujificha chini ya madawati. Wako waliobeba watoto wao wakateremka katika vyumba vya chini ya ardhi kungojea bomu. Bomu halikuja. Kilichokuwapo ni kwamba timu ya besiboli ya White Sox ilikuwa imeshinda mchezo wake huko Cleveland, na kwa ushindi huo ikatwaa ubingwa wa ligi yake kwa mara ya kwanza tangu 1919. Mkuu wa zimamoto wa mji, Robert Quinn, aliona kuwa furaha kubwa namna ile yastahili kutangazwa kwa sauti kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Wahenga wa pwani walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Quinn naye alikuwa na jambo. Ila halikuwa lile ambalo mbiu ile ilipewa kulisema. Na hapo ndipo ulipo utata wa watu ambao habari yao inasimuliwa hapa: mafundi wa mapenzi, si wa mshahara, wanaovikusanya ving'ora vya kale, wakavifufua, kisha wakaviliza.

Asili ya chombo hiki si vita. Mwaka 1819 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour aliunda sahani yenye matundu, ikizunguka juu ya matundu mengine, hata hewa iliyosukumwa kutoka chini ikawa inapita na kuzuiwa, inapita na kuzuiwa, kwa kasi ya kufanya sauti. Haja yake ilikuwa kuhesabu mitetemo. Kwa kuwa chombo kiliweza kuimba hata kikizamishwa majini, akakipa jina la wale wanawake wa ngano za Wayunani walioimba baharini na kuwapoteza mabaharia. Ni ajabu ya majina: viumbe waliowaita watu kwenye mauti wakawa wasimamizi wa chombo cha kuwaita watu watoke kwenye mauti. Kiswahili kimesema king'ora, kikaepukana na kejeli hiyo.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyokipandisha king'ora juu ya mapaa. Waziri Mkuu Neville Chamberlain alipolitangazia taifa lake kwa redio, asubuhi ya tarehe 3 Septemba 1939, kuwa Uingereza imeingia vitani, hazikupita dakika nyingi ving'ora vya London vikalia. Na mlio huo wa kwanza ukawa wa uongo, maana hapakuwa na ndege ya adui. King'ora cha Kiingereza cha siku zile aghalabu kilikuwa na vichwa viwili, kimoja huku na kimoja huku, na mota katikati. Kichwa kimoja kilikuwa na matundu 10, cha pili 12. Mota ikizunguka mara 2,850 kwa dakika, yaani 47.5 kwa sekunde, kichwa cha kwanza hutoa mitetemo 475 na cha pili 570. Sauti mbili zilizoachana kwa kadiri hiyo, tano kwa sita, ndizo ambazo masikio ya Ulaya yamezoea kuzisikia katika nyimbo za huzuni. Ama ule mlio wa kupanda na kushuka, hauna siri: umeme huwashwa na kuzimwa, gurudumu zito likapata kasi na kuipoteza. Onyo lilipanda na kushuka. Salama ilikuwa sauti moja iliyonyooka. Wazee waliokuwa watoto katika siku hizo waliendelea kushtuka kwa mlio huo hata katika filamu, miongo mingi baadaye.

Baada ya vita hofu ikawa kubwa zaidi, na vyombo navyo vikakua. Mwaka 1952 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza king'ora kilichoendeshwa kwa injini ya petroli ya silinda nane, yenye nguvu za farasi 180, kikipaza kwa pembe sita. Kwa umbali wa mita 30 mbele yake kilitoa desibeli 138, kiasi kinachopita mpaka wa maumivu ya sikio la mwanadamu. Kwa hesabu za vitabuni, kila umbali unapozidi maradufu sauti hupungua desibeli 6. Basi mtu aliye karibu kilomita moja bado angefikiwa na 108, lau si majumba, miti na upepo. Wakati uo huo kampuni ya Federal ilitoa Thunderbolt, ambayo hewa yake husukumwa na mashine iliyo chini, ikapandishwa kwa bomba hadi kichwani, ikakatwa huko na kutolewa kwa pembe moja inayogeuka polepole pande zote. Asikiaye kwa mbali huisikia ikija na kwenda, kama mtu anayegeuza uso.

Vita Baridi vilipokwisha, vyombo hivi vikawa mzigo. Uingereza iliuvunja mtandao wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Ujerumani nayo ikaviteremsha vingi. (Baada ya mafuriko ya Julai 2021, yaliyoua zaidi ya watu 180 nchini Ujerumani, serikali ilirudi kutoa fedha ili ving'ora vipandishwe tena, lakini hiyo ni habari ya waliojuta, si ya waliopenda.) Vilivyoteremshwa vilikwenda kwa wauza vyuma chakavu, na huko ndiko wapenzi walikovikuta.

Kazi yao ni ya subira. King'ora kilichokaa mlingotini miaka arubaini hushuka na viota vya ndege ndani yake, kutu kwenye mhimili na grisi iliyokauka ikawa ngumu kama lami. Nafasi baina ya gurudumu na ganda lake ni finyu mno; uchafu kidogo hulikaza, na nyundo moja ya pupa huvunja kile ambacho hakuna kiwanda kinachokiunda tena. Basi humiminwa mafuta mepesi, kukasubiriwa siku kadhaa, kukajaribiwa kwa mkono, kukamiminwa tena. Beringi hutolewa na kutiwa mpya. Nyaya za mota hupimwa zisije zikavujisha umeme kwenye chuma. Rangi hukwanguliwa tabaka baada ya tabaka hadi ionekane ile ya kiwandani, na kibati chenye jina la muundaji husafishwa kwa kitambaa, si kwa msasa. Tena nyingi ya mota hizi hutaka umeme wa fezi tatu, ambao nyumba za kawaida hazina, na fundi hulazimika kutafuta kigeuzi.

Hufika siku ya kukiliza. Watu wa makumbusho wangetosheka na rangi. Mpenzi wa king'ora haridhiki, maana kwake chombo cha mlio kisicholia ni maiti iliyopambwa. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini mlio huu haukuundwa uwe mali ya mwenye chombo. Mwaka 1960, baada ya tetemeko kubwa la Chile la tarehe 22 Mei, ving'ora vya mji wa Hilo, katika visiwa vya Hawaii, vililia usiku yapata saa mbili na nusu. Wengi waliosikia hawakuondoka, kwani maana ya mlio ilikuwa imebadilishwa karibuni, na watu hawakuwa na hakika kama unawataka wajiandae au wakimbie. Wimbi kuu lilifika baada ya saa saba ya usiku. Walikufa watu 61. Muda ulikuwapo, sauti ilikuwapo, na maana ndiyo iliyopungua. Wasomaji wanaoikumbuka bahari ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyofika hadi Somalia, Kenya na Tanzania, hawahitaji kufafanuliwa thamani ya saa nne na nusu.

Kwa hiyo walio waungwana miongoni mwa mafundi hawa hawakurupuki. Huwaarifu polisi na zimamoto, hugonga milango ya majirani, huchagua mchana wa siku njema isiyo na dhoruba, au huungoja wakati wa majaribio rasmi ambao mji umekwisha kuuzoea, kama Chicago, ambako ving'ora hujaribiwa saa nne asubuhi ya Jumanne ya kwanza ya mwezi. Wengi hawakifikishi kwenye kasi kamili. Huwasha sekunde chache, wakazima mlio ukiwa bado chini, ungali mguno. Watoto huondoshwa, masikio huzibwa, na hakuna asimamaye mbele ya pembe.

Umeme ukishakatwa, gurudumu huendelea kuzunguka kwa uzito wake. Sauti huteremka, ikawa nene, ikawa pumzi tu. Hapo fundi hutoa viziba masikio, akainama karibu na ganda kusikiliza beringi. Kukwaruza kukisikika, king'ora hurudi mezani.