Kinu cha gololi: kuongeza kasi si kuongeza unga

Mchanga wa titani wa Kwale, uliochimbwa hadi Desemba 2024, haukuhitaji kusagwa. Maumbile yalikwisha kuyavunja mawe zamani, na chembe za madini zilikuwa zimeachana na mchanga wa kawaida. Dhahabu ya Migori, au ile ya Geita nchini Tanzania, ni habari nyingine. Imefungwa ndani ya jiwe gumu, na haipatikani mpaka jiwe liwe unga. Kazi hiyo hufanywa na kinu cha gololi.

Kinu hiki ni pipa la chuma lililolazwa. Ndani hutiwa gololi za chuma, mawe yaliyokwisha pondwa na, mara nyingi, maji. Pipa likizunguka, gololi hupanda ubavuni kisha huporomoka na kuyagonga mawe. Kuporomoka huko ndiko kunakosaga.

Kwa hivyo mwendo una mpaka wake. Kila pipa lina kasi ya ukomo: likiifikia, gololi hung'ang'ania ukutani na hazianguki tena. Kwa pipa la upana wa mita 1 lenye gololi za sentimita 5, ukomo ni kama mizunguko 43 kwa dakika. Vinu vingi huendeshwa kwa asilimia 65 hadi 80 ya ukomo, yaani mizunguko 28 hadi 35 kwa pipa hilo. Likienda polepole mno, gololi huteleza tu chini bila pigo la maana.

Gololi kwa kawaida hujaza asilimia 30 hadi 45 ya pipa. Zikizidi, hazina pa kuangukia. Kubwa huvunja mapande, ndogo hulainisha unga. Na kwa kuwa hulika, lazima ziongezwe mara kwa mara.

Maji nayo yana kiasi. Katika kilo 100 za uji, mawe huwa kilo 65 hadi 80. Uji mzito mno huzivika gololi na kupunguza pigo; mwepesi mno, chuma hugonga chuma na kulika bure.

Kisha kuna muda. Unga ukiwa mkubwa, dhahabu hubaki imefungwa ndani ya chembe. Ukisagwa kupita kiasi, dhahabu huwa laini hata ikachukuliwa na maji ya kuoshea. Vyovyote vile huishia kwenye mabaki, na faida humwendea mwenye matangi ya sayanaidi anayeyanunua, si mchimbaji aliyelipia dizeli. Dawa ni kupima: chekecha unga wa muda mbalimbali, uoshe kila fungu peke yake, ulinganishe.

Mwisho ni afya. Vumbi la mawe haya aghalabu lina silika. Likiingia mapafuni huleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, na linajulikana pia kusababisha saratani. Anayesaga makavu ndani ya kibanda kilichofungwa anajiumiza pamoja na majirani zake. Maji kinuni hulizuia vumbi. Leso puani haitoshi.