Asili ya Vipimo katika Madirisha ya Java

Kijana wa Makambako, mkoani Njombe, aandikaye kwa lugha ya Java programu ya hesabu za mbao au viazi, na mwenziwe wa Liganga atakayeifungua kwenye kompyuta yenye kioo kidogo, aghalabu hawana habari kwamba taabu ya vitufe kukatwa majina ilitafutiwa dawa tangu Januari 1996, kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilipotoa toleo la kwanza la lugha hiyo.

Java ilikusudiwa iendeshwe katika mashine za kila namna bila ya kuandikwa upya, na zana zake za awali za madirisha, AWT, ziliazima vitufe vya mashine yenyewe. Na kwa kuwa kitufe cha Windows hakikulingana kwa kimo wala kwa upana na cha mfumo wa Solaris, aliyepanga kila kitu kwa nukta alizozihesabu mezani kwake aliiona kazi yake ikiharibika ugenini. Ndipo ilipoamuliwa, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa hekima kubwa, kwamba kila kijenzi cha dirisha, kiwe kitufe au kinginecho, kiulizwe ukubwa kinaoupenda, kisha msimamizi wa mpangilio, yaani sehemu ya programu inayopanga vijenzi, agawe nafasi. BorderLayout, mathalan, hukiachia kijenzi cha kaskazini kimo chake, hukinyoosha kwa upana, na nafasi yote iliyosalia hukipa cha katikati. Na hiyo ndiyo sababu setSize, amri ya kukipa kijenzi ukubwa ambayo wanafunzi huitegemea mno, hufutwa na msimamizi mara dirisha lifunguliwapo.

Swing, seti mpya ya zana za madirisha iliyoingia katika Java 1.2 mwezi wa Desemba 1998, ilimwezesha mwandishi kukiwekea kila kijenzi vipimo vitatu: cha chini, cha kupendelewa na cha juu. Kati ya wasimamizi, GridBagLayout ilikuwapo tangu AWT, hodari lakini ngumu, kwani asiyeigawia uzito hukuta vijenzi vyote vimesongamana katikati ya dirisha. GroupLayout ilifuata mwaka 2006.

Kwetu sisi watumiaji wa Kiswahili jambo hili la vipimo ni zito. Kitufe kilichopimwa kwa neno “Save” hakiwezi kubeba “Hifadhi”. Swing hukata herufi na kuweka nukta tatu, na karani hubaki akikisia. Wala si kwamba Kiswahili hakifai kompyuta, kwani Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisini iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilikwisha kudhihirisha kwamba kazi za ofisini zawezekana kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nawasihi vijana wa Njombe: acheni setBounds, amri ya kupanga kwa nukta, wekeni msimamizi, iteni pack, amri ya kulipa dirisha ukubwa unaovitosha vijenzi, vyote vikishawekwa, na kabla ya kumkabidhi mteja, geuzeni maneno yote kuwa ya Kiswahili mlivute dirisha pembe zote.