Fedha za ulemavu na tiba ya mazoezi: yanayotokea Homa Bay yanatuhusu na sisi

Kenya haina mfuko wa ulemavu unaomkabidhi mtu bajeti yake mwenyewe ya kulipia vikao vya tiba ya mazoezi. Australia wanao mpango kama huo, ulioanza mwaka 2013: aliyekubaliwa hupewa bajeti, na akihitaji mtaalamu wa mazoezi humlipa kutoka humo. Kwetu fedha zipo, lakini zimegawanywa mafungu, na kila fungu lina mlango wake. Asiyejua mlango upi unatoa nini huzunguka ofisi hadi akachoka, na huku mwili haungoji. Mkono uliopooza ukikaa bila kunyooshwa, misuli hukaza na kiungo hukakamaa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akikosa mazoezi ya mapema, nyonga na miguu huanza kupinda.

Makala haya yanachukua mfano wa Kaunti ya Homa Bay kwa sababu mbili. Katika sensa ya 2019, kiwango cha watu wenye ulemavu nchini kilikuwa asilimia 2.2, lakini Homa Bay ilifika asilimia 4.3, miongoni mwa kaunti za juu kabisa. Sababu ya pili ni maji. Mkazi wa kisiwa cha Mfangano lazima avuke Ziwa Victoria kwa boti hadi Mbita ndipo ashike barabara ya kwenda hospitali ya rufaa mjini Homa Bay. Mtu wa Faza au Kizingitini anayevuka kwenda Lamu anaijua safari hiyo bila kuhadithiwa. Tena taratibu nyingi zilizo hapa chini ni za kitaifa, kwa hivyo mambo ni yale yale Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu.

Tiba yenyewe ni ipi

Tiba ya mazoezi si kunyanyua vyuma wala kukandwa tu. Mwanafiziotherapia hupima nguvu, mizani ya mwili na mwendo, kisha huandika mpango: zoezi lipi, mara ngapi kwa siku, kwa majuma mangapi, na lengo ni nini. Lengo laweza kuwa kuinuka kitandani bila msaada, au kutembea hadi chooni. Wanaofaidika ni waliopata kiharusi, walioumia uti wa mgongo, waliokatwa mguu, na watoto wenye mtindio wa ubongo. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda hufungwa plasta na kubadilishwa kila wiki, kisha huvaa viatu maalumu usiku kwa miaka kadhaa. Tiba hiyo hufaa zaidi ikianza akiwa mchanga.

Mlango wa kwanza: usajili

Kila kitu huanzia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Mtu hupimwa katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, ripoti ya daktari ikatoka, kisha akasajiliwa kupitia eCitizen. Asiyeweza mitandao amwone afisa wa Baraza katika kaunti yake. Bila usajili huu, milango mingi inayofuata haifunguki.

Mlango wa pili: Inua Jamii

Huu ni msaada wa Sh2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yaani anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Maombi hupitia kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii. Fedha hizi hazina masharti ya matumizi: ni chakula, ni sabuni, na zaweza kuwa nauli ya kwenda kwenye mazoezi.

Mlango wa tatu: vifaa

Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2003, hutoa viti vya magurudumu, magongo, vyuma vya miguu na viungo bandia. Hazina hiyo hutoa kifaa, wala si kikao cha tiba. Lakini mazoezi mengi hayawezekani bila kifaa: aliyekatwa mguu hawezi kufundishwa kutembea kwa mguu wa bandia kabla ya kuupata. Hapa Pwani, Chama cha Walemavu Kenya, APDK, kilichoanzishwa 1958, kina kituo chake cha tiba Port Reitz, Mombasa.

Mlango wa nne: bima ya afya

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hupimwa uwezo wa nyumba yake, na kiwango hakishuki chini ya Sh300 kwa mwezi. Usajili hufanyika kwa *147#. Kabla ya kikao cha kwanza, nenda kwenye dirisha la bima la hospitali uulize waziwazi: kikao hiki kinalipwa na SHA, au nalipa mfukoni? Ukiambiwa ulipe na huna, omba kumwona afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali za umma zina utaratibu wa kuwapunguzia au kuwasamehe wasiojiweza, lakini ni lazima uombwe.

Mlango wa tano: kodi

Mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa aweza kuomba cheti cha KRA cha kusamehewa kodi ya mapato kwa Sh150,000 za kwanza kila mwezi. Wengi hawakijui, ilhali kinachobaki mfukoni chaweza kulipa mtaalamu mwaka mzima.

Hesabu ya nauli

Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni Sh300, na mgonjwa ameambiwa aje mara mbili kwa wiki. Kwa mwezi ni safari nane, Sh2,400. Inua Jamii imekwisha kabla ya kulipa kikao hata kimoja, na mlezi anayemsindikiza hajahesabiwa. Hapa ndipo wengi huacha tiba, wakaitwa wavivu.

Njia ya kupunguza gharama ni kumwomba mwanafiziotherapia mpango wa nyumbani ulioandikwa na kutiwa muhuri. Mlezi afundishwe mbele yake, arudie kwa mikono yake mwenyewe, na mgonjwa arudi kupimwa kila baada ya wiki kadhaa kama atakavyoelekezwa. Nakala za karatasi hiyo ziambatanishwe na maombi ya kifaa na ombi la kusamehewa malipo. Ombi linaloeleza hitaji kwa maneno ya mtaalamu huwa na uzito kuliko maneno matupu.

Nyumbani, mambo mawili yasisahaulike. Usimvute aliyepooza kwa mkono dhaifu unapomwinua, kwani bega huteguka kwa urahisi. Na maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuhema kupita kiasi ni amri ya kusimamisha zoezi na kurudi hospitali.

Kabla ya kumlipa mtu

Sheria ya mwaka 2014 iliunda Baraza la wanafiziotherapia, na kila anayefanya kazi hiyo lazima awe na leseni. Iulize leseni bila haya. Wapo wakandaji wanaojiita wataalamu, wakivuta viungo vya wazee kwa nguvu na kulipisha kila ziara.

Linalobaki ni la viongozi. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 26 inataka huduma za utengamao ziwe karibu na watu iwezekanavyo, vijijini pia. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Afya iko mikononi mwa kaunti, kwa hivyo kumwajiri mwanafiziotherapia Mbita au Faza ni uamuzi wa bajeti ya kaunti, na bajeti hiyo hujadiliwa katika vikao vya maoni ya umma. Familia zenye wagonjwa ziende vikaoni na hesabu zao za nauli mkononi. Kiti cha magurudumu hupigwa picha siku kinapotolewa. Mshahara wa mtaalamu hauna picha, lakini ndio utakaomwezesha mgonjwa wa kisiwani kuinuka.