Chokaa, Boriti na Mkono wa Fundi

Inua macho utazame boriti. Ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu: virefu lakini vyembamba, upana usiozidi mita 3 hivi. Juu yake fundi alipanga mawe ya matumbawe, akashindilia chokaa.

Chokaa nayo ilitoka baharini. Matumbawe yalichomwa juu ya rundo la magogo, yakamwagiwa maji, yakaachwa yaive, ndipo yakachanganywa na mchanga. Sogelea zidaka, vishubaka vya ukutani (tafadhali usiguse): nakshi zake zilichongwa lipu ikiwa bado mbichi, na kisu kikiteleza hakuna kurudia.

Saruji, pamoja na wepesi wake wote, imeziumiza nyumba hizi. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiusiriba kwa saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, lipu ikabanduka vipande vipande. Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ila anayeuweka wima ni fundi mwenye mwiko.

Una nyumba ya kale? Kabla hujanunua mfuko wa saruji, muulize fundi wa chokaa.