Kutu Ipitishayo Nuru na Umeme

Fundi wa redio aletewapo chombo kilichonyamaza, aghalabu huanza kazi yake kwa kukwangua. Hukwangua ncha zigusanazo na betri mpaka zing'ae, kwani ajua kuwa kutu na umeme havipatani. Elimu hiyo ya mikono ni kongwe, na katika kazi yake haina kosa. Ndiyo maana msomaji huenda akastaajabu aambiwapo kuwa kioo cha simu aliyoishika kimepakwa kutu, na kwamba kutu hiyo ndiyo iuchukuayo umeme unaotambua mguso wa kidole chake. Si kutu nyekundu ya msumari, bali ni ya jamaa yake: metali iliyoungana na oksijeni, ambayo wataalamu huiita oksidi. Yafaa kueleza jinsi ilivyojulikana, maana chini ya habari hiyo lipo swali ambalo wanafunzi wa sayansi hawana budi kuulizana: je, vitu kama hivi huokotwa njiani, au hutafutwa?

Mwaka 1907 mwanafizikia wa Kijerumani, Karl Bädeker, alitangaza matokeo ya majaribio yake juu ya tando nyembamba. Alizaliwa Leipzig mwaka 1877 katika ukoo uliojulikana kwa vitabu vya kuwaongoza wasafiri. Lakini yeye aliichagua safari nyingine. Alitandaza kadimiamu juu ya kioo, utando mwembamba mno, kisha akaupasha moto hewani mpaka metali yote ikageuka oksidi. Utando uliokuwa ukizuia nuru sasa ulipenywa nayo, na juu ya hayo umeme uliendelea kupita ndani yake. Hapo kabla vitu hivi viwili vilidhaniwa kuwa ni mahasimu: kioo hupitisha nuru na kuukataa umeme, metali huupokea umeme na kuirudisha nuru. Bädeker hakuwa akitafuta kioo cha kuuza. Alitaka kupima tu jinsi michanganyiko ya metali nzito inavyopitisha umeme. Mwaka 1914, vita vilipokuwa vichanga, aliuawa huko Liège, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 37. Kazi yake ilikaa miaka mingi pasipo mtu wa kuihitaji.

Aliyeihitaji alikuwa rubani. Katika Vita Kuu ya Pili ndege ziliruka juu sana, na vioo vyake vikafunikwa na ukungu na barafu. Oksidi ya bati ilipakwa juu ya vioo hivyo, umeme ukapitishwa ili kuvipasha joto, na rubani akaona mbele. Baadaye oksidi ya indiamu iliyotiwa bati kidogo ikaishinda ile ya bati peke yake, nayo ndiyo iliyoenea katika vioo vya saa, televisheni na simu. Indiamu yenyewe iligunduliwa Freiberg mwaka 1863 na Ferdinand Reich na Theodor Richter, ikapewa jina kwa ajili ya mstari wa rangi ya nili ulioonekana nuru yake ilipochambuliwa. Reich alikuwa hatambui rangi, hivyo ilimbidi Richter amwangalilie. Ni kichekesho kidogo kwamba metali iletayo rangi machoni mwa mamilioni ilianza kwa mtu asiyeweza kuiona rangi yake.

Siri ya oksidi hizi si ngumu kuifahamu. Ili kitu kimeze nuru, elektroni zake hazina budi kuruka kutoka daraja ya chini hadi daraja ya juu. Katika oksidi ya indiamu pengo baina ya madaraja hayo ni pana kupita nguvu ya nuru yoyote ionekanayo. Basi nuru hupita bila ya kuzuiwa. Lakini pasipo elektroni daraja ya juu, umeme nao haupiti. Hapo bati huingia: indiamu hutoa elektroni tatu za kuungana na oksijeni, bati hutoa nne, na ile ya nne hubaki huru na kukimbia. Wakimbiaji hawa ni wengi kutosha kuchukua umeme, lakini ni wachache mno kuliko wa metali, hata hawaizuii nuru.

Mpaka hapa mtu aweza kusema kuwa yote yaliokotwa. Hideo Hosono wa Chuo cha Teknolojia cha Tokyo alikuja na mwendo mwingine. Wataalamu walizoea silikoni, ambayo atomu zake hushikana kwa mikono yenye mielekeo maalumu. Mpangilio ukivurugika, elektroni hukwama kama gari katika mchanga. Ilidhaniwa kuwa vurugu huharibu kila kitu vivyo hivyo. Hosono aliwaza kuwa katika oksidi za metali nzito njia ya elektroni ni mawingu makubwa ya mviringo, yaangukianayo kila upande, na mviringo haujali umegeuziwa wapi. Mwaka 1996 yeye na wenzake waliieleza rai hiyo. Mwaka 2004 Kenji Nomura, Hosono na wenzao walionyesha transista ya oksidi ya indiamu, galiamu na zinki isiyo na mpangilio, iliyotengenezwa juu ya plastiki bila ya moto mkali, ambayo elektroni zake zilikwenda yapata mara kumi kuliko katika silikoni iliyovurugika. Mwaka 2012 kampuni ya Sharp ilianza kutengeneza vioo vyake kwa wingi.

Huku ni kutafuta, na kwa maoni yangu ni kutafuta kwa heshima kubwa ya akili. Walakini fuwele za metali hizo tatu zilikuwa zimekwisha kutengenezwa Tsukuba na Noboru Kimizuka katika miaka ya 1980, naye alitaka kujua umbo lake tu. Mtafutaji alikuta ghala limejazwa na mtu mwingine.

Na kuna mlango ambao ghala hilo halijaufungua vyema. Vyombo vya umeme huhitaji jozi: kitu kipelekacho elektroni, na kitu kipelekacho matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni. Oksidi nyingi ni hodari kwa la kwanza na viwete kwa la pili. Mwaka 1997 Hiroshi Kawazoe, Hosono na wenzao walitoa oksidi ya shaba na alumini yenye kupenywa na nuru, iliyopeleka matundu, ingawa kwa udhaifu. Tangu siku hiyo wengi wamejaribu oksidi nyingine, na mwenzi aliye sawa na ile ya indiamu bado anatafutwa.