Tarehe ya Walivi, Wavuvi wa Ghuba ya Riga

Padri Meinhard alipopanda mto Daugava katika miaka ya 1180, akifuata njia ya wafanyabiashara wa Kijerumani, wenyeji aliowakuta ukingoni walikuwa Walivi. Wakati huo walikaa pande zote mbili za Ghuba ya Riga, wakivua, wakilima na kuuziana bidhaa na wageni. Lugha yao, Kilivi, ni ndugu wa Kiestonia na Kifini; na Kilatvia cha majirani haina nasaba kabisa. Meinhard akajenga kanisa la mawe pale Ikšķile. Askofu aliyemfuata, Berthold, aliuawa vitani na Mlivi mwaka 1198. Mwaka 1201 Askofu Albert akaasisi mji wa Riga, na muda si muda watawa wenye silaha, Ndugu wa Upanga, wakaitwaa nchi.

Mengi ya hayo tunayajua kwa kalamu ya padri mmoja, Henry, aliyeandika tarehe yake kwa Kilatini katika miaka ya 1220. Humo yumo Caupo wa Turaida, mkuu wa Walivi aliyebatizwa, akapelekwa Roma kuonana na Papa Innocent III, na mwaka 1217 akafa akipigana upande wa Wajerumani dhidi ya Waestonia. Jina la watu wake likatanuka. Sehemu kubwa ya Latvia na Estonia ya leo ikaitwa Livonia, huku Walivi wenyewe wakipungua mwaka hadi mwaka kwa vita, kwa tauni na kwa kumezwa na Kilatvia.

Mashariki mwa ghuba, Kilivi kilizimika katika karne ya 19. Kikabaki Kurzeme, upande wa magharibi, katika vijiji 12 hivi vya pwani: Kolka, Vaide, Mazirbe, Sīkrags na wenzao, vilivyobanwa kati ya bahari na misitu ya misonobari yenye vinamasi. Njia ya bara ilikuwa taabu. Ya majini ilikuwa wazi hadi kisiwa cha Saaremaa. Watu hao walijiita tu kalāmīed, yaani wavuvi. Mtaalamu wa lugha Sjögren alipowatembelea mwaka 1846 walikuwa wamesalia elfu mbili na ushei. Sarufi yao ilichapishwa mwaka 1861, na miaka miwili baadaye, Injili ya Mathayo kwa Kilivi ikatoka London.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliwafukuza pwani. Waliorudi hawakukaa kinyonge: mwaka 1923 waliunda chama chao, Līvõd Īt, pale Mazirbe, na Novemba mwaka huohuo wakapandisha bendera yao ya kijani, nyeupe na buluu. Ndivyo mvuvi anavyoiona nchi yake akiwa chomboni: msitu, mchanga, bahari. Mwaka 1931 wakaanza kutoa gazeti, Līvli. Tarehe 6 Agosti 1939 wakafungua nyumba ya jumuiya, iliyojengwa kwa msaada wa ndugu zao wa Ufini, Estonia na Hungaria. Haukupita mwezi, Vita vya Pili vya Dunia vikaanza.

Husemwa kwamba lugha ndogo hufa kwa sababu wenyewe wameitupa. Kwa Walivi maneno hayo ni dhuluma. Baada ya vita pwani yao ikawa mpaka wa Muungano wa Kisovieti. Askari walipiga reki mchanga wa ufukweni ili nyayo za atakayepita zionekane, na kwenda baharini kukawa kwa kibali. Uvuvi ukakusanywa katika bandari chache za ushirika. Mazirbe mashua za mbao zilikokotwa hadi msituni zikaachwa huko, mataruma yakiota kuvu chini ya misonobari; mabaki yake yapo mpaka leo. Kijana asiye na pa kutia nyavu angefanya nini? Alihamia Riga au Ventspils, akaoa huko, watoto wakakua na Kilatvia.

Hata hivyo, mwaka 1972 waliohamia mijini waliunda kwaya, Līvlist na Kāndla, wakaimba kwa Kilivi. Chama chao kilifufuliwa mwaka 1988.

Viktors Bertholds, miongoni mwa wa mwisho waliokulia katika Kilivi, alifariki Februari 2009. Mwaka 2013 akafuata Grizelda Kristiņa, aliyezaliwa Vaide na kukimbilia Uswidi wakati wa vita, kisha Kanada. Alikuwa na miaka 103.

Sheria ya lugha ya Latvia ya mwaka 1999 inakitambua Kilivi kuwa lugha ya wenyeji asilia na kuitaka serikali ikilinde. Sensa ya 2011 iliwahesabu Walivi 250, na wanaokizungumza kwa ufasaha hawazidi dazeni chache. Hata hivyo, kazi ya kukihifadhi inaendelea. Valts Ernštreits na Tiit-Rein Viitso walitoa kamusi ya Kilivi, Kiestonia na Kilatvia mwaka 2012. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Latvia kikafungua Taasisi ya Kilivi, ambayo sasa inaweka mtandaoni maneno, matini na majina ya mahali. Na wapo wazazi waliojifunza lugha hiyo ukubwani, ambao tangu mwaka 2020 wanamlea mtoto wao nyumbani kwa Kilivi.