Klachi ya Mteremkoni: Historia ya Pikipiki ya Mlima huko Nyamache

Udongo mwekundu wa Nyamache, huku Gusii magharibi mwa Kenya, ukinyeshewa usiku kucha, kufikia alfajiri umegeuka mlenda. Saa tano hivi za asubuhi, majani mabichi yakishachumwa, magunia huanza kupandishwa kutoka mabondeni kwenda vituo vya kununulia chai, na mengi hupanda kwa pikipiki.

Mtazame dereva akiingia kwenye kilima. Amesimama juu ya vikanyagio, kiti hakiguswi. Gia ni ya kwanza. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vinachezea klachi, vinaivuta na kuiachia kidogo kidogo, huku mkono wa kulia ukishika resi pale pale bila kuongeza wala kupunguza. Gurudumu la mbele linatafuta jiwe, la nyuma linalifuata. Mguu haushuki. Ukishuka tu, tairi la nyuma linazunguka bure, gunia linaelemea upande mmoja, na jasho la mama wa watu linabiringika hadi mtoni.

Mbali na hapa, milimani Uskoti, wapo wanaofanya jambo hili kama mashindano. Scottish Six Days Trial yalianza mwaka 1909 yakiwa ya siku tano, yakawa ya siku sita mwaka 1911, na makao yake ni mji wa Fort William. Hakuna anayeshindania mwendo. Dereva hupita polepole juu ya mawe na vijito, na mwamuzi hukodolea macho miguu yake. Mguu ukigusa chini mara moja, pointi moja. Ukigusa tena na tena, tatu. Akianguka au kukwama, tano. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Mwaka 1964 Sammy Miller wa Belfast alishinda kwa Ariel, pikipiki ya Kiingereza ya cc 500 yenye injini ya mipigo minne. Mwaka uliofuata akarudi na Bultaco ya Hispania, nyepesi, ya mipigo miwili, akashinda tena. Baada ya hapo zile pikipiki kubwa za mipigo minne zilianza kupotea katika mchezo huo.

Nyamache safari ilikuwa ya kinyume. Tulianza na mipigo miwili, ile mafundi wanayoiita tu-stroki, tukahamia minne. Nimekuwa nikiifuatilia safari hiyo kwa muda sasa, nikiketi na wazee waliostaafu na vijana wa stegi za bodaboda, kwa sababu haijaandikwa popote. Inaishi midomoni, chini ya mabati ya mafundi, na kila mwaka mdomo mmoja hufumbwa. Kuna kipande chake kimoja ambacho kikiendelea kusimuliwa nusu nusu, kitazidi kuvunja watu mifupa.

Bodaboda yenyewe haikuzaliwa hapa. Ilizaliwa Busia, mpakani na Uganda, katika miaka ya 1960, wakati vijana wa baiskeli walipowavusha wasafiri na mizigo kutoka boda hii hadi boda ile. Baiskeli hizo zilitapakaa kwenye nchi tambarare za magharibi na kando ya ziwa. Gusii zilikutana na mlima. Nyanda zetu za Nyamache zinapita mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kati ya boma na boma kuna bonde. Hata mwanamume mwenye nguvu hawezi kumpandisha abiria kwa kukanyaga pedali kutoka mtoni hadi sokoni. Watu walitembea, wanawake wakabeba ndizi kwa mgongo na kichwa, na gari likaonekana siku ya soko.

Mlio wa pikipiki, ule uliozaa jina lake, uliletwa vijijini na watu wa kazi: mapadri na wamishonari, wahudumu wa afya, maafisa wa mifugo, na bwana shamba. Hawa wawili wa mwisho walikuwa na sababu nzito. Gusii ilikuwa imeshakuwa nchi ya kahawa, pareto na chai, na halmashauri ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliyoundwa mwaka 1964, ilitaka mkulima wa robo ekari apande, apogoe na achume kwa kanuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizara ya kilimo ikaanza mfumo wa mafunzo na ziara uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ulimtaka afisa afike kwa mkulima kwa ratiba maalumu. Ratiba haijui matope.

Ndipo Yamaha ikawa jina la heshima. Kulikuwa na familia ya DT, watoto wa ile DT-1 ya mwaka 1968, na kulikuwa na AG100, ambayo nadhani ndiyo pikipiki iliyoifaa milima hii kuliko zote. Iliundwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Cheni yake ilifungiwa ndani ya kasha, matope yasiiguse. Ilikuwa na kerieri mbele na nyuma, na stendi ya pembeni kila upande, ili uiegeshe kwenye mteremko wowote. Haikuwa na haraka. Baba yangu mdogo alikuwa afisa wa mifugo, na Jumapili baada ya kanisa ilikuwa kazi yetu watoto kuisugua kwa maji ya mtoni na gunzi la mahindi. Yeye mwenyewe hakuturuhusu kugusa kitu kimoja: kifuniko cha tangi dogo la oili lililokuwa pembeni.

Oili hiyo ndiyo kiini cha habari. Injini ya mipigo miwili haina oili inayolala chini yake ikisubiri kusambazwa. Hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli na hewa, kisha ikaungua na kutoka kama ule moshi wa buluu. Kwenye Yamaha kulikuwa na pampu ndogo, Autolube, iliyopima oili kulingana na resi: ukifungua resi, oili nyingi, ukiifunga, oili kidogo. Kwenye barabara tambarare mpango huo hauna kasoro. Sasa fikiria mteremko mrefu wa kushuka mtoni. Dereva amefunga resi, gia ya pili imeshika, magurudumu yanailazimisha injini izunguke kwa kasi, na oili inayofika kwenye pistoni ni tone tu. Pistoni inapata moto, inatanuka, inang'ang'ania ukuta wa silinda. Injini inakaba. Gurudumu la nyuma linafunga papo hapo, na dereva anatua kwenye michai.

Baba mdogo ilimpata. Aliisukuma hadi nyumbani kwa nusu siku, na karakana moja mjini ikamtoza pesa za kubadilisha silinda nzima ilhali ringi na msasa kidogo vingetosha. Ndipo fundi mmoja mzee akamfundisha neno ambalo madereva wote wa tu-stroki walifundishana: ukishuka, vuta klachi, acha injini ipumue, na kila baada ya hatua kadhaa piga resi kidogo ili oili iingie. Lilikuwa neno la hekima. Liliokoa injini nyingi katika milima hii.

Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250. Pikipiki mpya zilizosajiliwa nchini hazikufika 5,000 mwaka 2005. Kufikia 2010 zilipita 100,000 kwa mwaka mmoja. Kwanza zikaja za Uchina kwa majina chungu nzima, kisha za India, Bajaj Boxer na TVS, zikatawala. Karibu zote ni za mipigo minne. Kijana aliyeuza ng'ombe mmoja, au aliyekopa kwenye chama, akawa na chombo ambacho zamani kilikuwa cha serikali na cha padri. Mama mjamzito alipata wa kumkimbiza hospitalini usiku. Majani chai, ambayo hayavumilii kukaa yakipata joto ndani ya gunia, yalifika kituoni yakiwa bado mabichi.

Lakini pikipiki hizo ziliundwa kwa barabara za lami, zikaletwa hapa kufanya kazi ya pikipiki za mlima. Mafundi wetu ndio waliozigeuza. Walichomelea kerieri za nondo, wakaongeza springi kwenye shokabsoba, wakaweka vyuma vya kukinga injini na matairi yenye meno. Na wakashughulikia sproketi. Hapo hesabu ni nyepesi na nzuri. Sproketi ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, gurudumu huzunguka mara moja kwa kila mizunguko mitatu ya ile ya mbele. Toa jino moja mbele, ibaki 13, na uwiano unapanda hadi 3.23. Ili upate nguvu hiyohiyo kwa kubadilisha ya nyuma, lazima uongeze meno matatu. Fundi wa Nyamache asiyewahi kusikia neno uwiano atakwambia, "Jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma," na yuko sahihi kabisa. Unapoteza mwendo kwenye lami, unapata kilima.

Kisha kuna hewa. Kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, hivyo kabureta iliyopangwa kwa pwani humwaga petroli kupita kiasi. Nilimtazama fundi mmoja akitatua shida hiyo bila chombo chochote cha kupimia. Alifungua plagi ikiwa bado ya moto, akaishika kwa kitambaa, akaigeuza juani kama mtu anayekagua jino la ng'ombe. Ncha ilikuwa nyeusi, kavu, yenye masizi. "Inakula sana," alisema. Akazungusha skrubu ya kabureta robo, akateremsha sindano yake kipande kimoja, akamtuma mwenyewe apande kilima na kurudi. Plagi ilipofunguliwa mara ya pili rangi ilikuwa imeanza kukaribia hudhurungi. Ikiwa nyeupe, aliniambia, hapo ndipo pa kuogopa: injini inaungua kwa njaa.

Mazungumzo ya stegi wakati wa mvua ni chuo. Watu hubishana kama Boxer huvumilia mzigo kuliko TVS, kama Honda inastahili bei yake, kama oili ibadilishwe kila wiki tatu au kila mwezi, maana mita ya kilomita huwa imekufa zamani. Hubishana juu ya cheni, kwa kuwa hakuna tena kasha la AG100, na udongo mwekundu ukichanganyika na grisi ni msasa mtupu. Wanaojua huisugua kwa brashi na mafuta ya taa jioni, huikausha, ndipo huipaka oili, na huiacha ilegee kiasi cha vidole viwili. Wasiojua humwagia oili chafu juu ya matope, na baada ya miezi michache meno ya sproketi yamechongoka kama ya papa.

Katika bishano mojawapo niliuliza kwa nini vijana wengi hushuka mtoni wakiwa wamevuta klachi, wengine wakizima injini kabisa. Kuzima nilikuelewa, ni kuokoa petroli. Kuhusu klachi, kijana mmoja alijibu kwa fahari: "Mzee wangu ndiye alinifunza. Ukishuka, vuta klachi, injini ipumue."

Lilikuwa neno lilelile. Lilitoka kwa fundi mzee likaenda kwa bwana shamba, kwa mwanawe, kwa jirani, likaipita Yamaha likaingia kwenye Boxer, ambako halina kazi. Injini ya mipigo minne ina oili yake chini, hainyimwi chochote ukifunga resi. Kinyume chake, ukiiacha kwenye gia ya chini inaizuia pikipiki isikuburute. Ukivuta klachi unaachia mzigo wote breki ya nyuma, breki shuu zinapata moto, mshiko unapungua, na abiria wawili na gunia la viazi wanasukuma kutoka nyuma. Mpindo uko chini, karibu na daraja.

Nilimpelekea habari hiyo mzee mmoja, fundi aliyeanza na DT. "Omogaka," nilimwambia, yaani mzee, "neno lenu linaua." Hakukasirika. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Tuliwapa dawa. Hatukuwaambia ya ugonjwa gani."

Sasa yanakuja mengine. Pikipiki za umeme zimeanza kuuzwa nchini. Kampuni moja, Roam, ilianza Nairobi mwaka 2017 ikiitwa Opibus. Mota ya umeme haina klachi, haina plagi, na hutoa nguvu yake kubwa tangu inapoanza kuzunguka, jambo ambalo kilimani ni neema. Stegini wanauliza maswali ya watu wa mlima: betri itapata moto kiasi gani ikipanda na magunia mawili, na ukishuka, kitu gani kitakushika?

Siku niliyoondoka, wingu lilikuwa limesimama juu ya michai upande wa Trans Mara. Yule mzee alikuwa amechuchumaa kando ya Boxer ya kijana mmoja akikaza nati ya gurudumu la nyuma, akipima cheni kwa vidole viwili. Alipomaliza hakuinuka. Alishika mkono wa klachi, akauvuta, akauachia.

"Huu ni wa kupandia," alimwambia. "Ukishuka, weka gia ya pili, uache. Na ukimfunza mwenzako, mwambie ni kwa sababu gani."

Kijana alipiga kiki. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga mabati.